Zege la Korongoni

Mtaa wa Toneleros, 15 Juni

Mdogo wangu Heriberto,

Leo ni siku ya tatu tangu maji yaingie nyumbani kwetu, nyumba alimokuzalia mama, na wewe hujashuka. Mzee Nazario, mwendesha lifti ya reli inayopanda kilimani kwenu, ambayo dhoruba imeipinda na kumwacha bila kazi, ameshuka mara nne kwa ngazi, na ana miaka sabini na sita. Wewe una sitini na moja. Kama umekufa niambie nivae nyeusi, ijapokuwa nguo zangu zote nyeusi zimekuwa kahawia.

Simu yangu imezama, kwa hiyo naandika. Nazario atakuletea.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Jumatano baada ya chakula cha mchana nilikuwa nakaanga sopaipilla, yale maandazi ya boga, maana siku ya mvua utakaanga nini kingine? Boga nililiponda asubuhi, nilipoona mawingu. Nilikuwa na furaha, Heriberto. Miaka kumi na mitatu ya ukame, halafu mvua ya kweli! Nilitoa karai nje ili tu niisikie ikigonga. Mtaa mzima ulinukia mafuta ya kukaangia. Kufika saa tisa maji barabarani yalikuwa ya kifundo cha mguu, na watu walikuwa wanacheka.

Halafu yakaja mengine. Hayakupanda polepole kama maji ya mvua. Yalikuja yote kwa mkupuo, kama mtu kafungua mlango, na mlango wangu yakauchukua. Nilipanda juu ya meza. Meza ikaelea. Bwana Ubaldo wa duka la mikate alinivuta kwa shuka kupitia dirisha lake la ghorofani, mimi na kilo zangu zote, mwiko bado mkononi. Cherehani iko chini ya tope. Tope limefika kidevuni mwa picha ya mama.

Na nimeliona friji likipita mbele ya dirisha, limesimama wima. Friji! Halikutoka mbinguni. Limetoka kwenu, kilima cha Tórtolas, ambako watu wakichoka na kitu wanakitupa korongoni, wanajipangusa mikono na kwenda misa. Wewe ni mwashi, unalipita korongo kila siku ya Mungu. Nenda ukaangalie ni takataka za nani zilizoziba maji, uniandikie majina. Nayataka kwa herufi kubwa.

Dada yako, bado hai,
Otilia

*

Kilima cha Tórtolas, 17 Juni

Dada Otilia,

Nashukuru Mungu uko salama. Nazario anakuletea mablanketi mawili, majani ya chai, na mishumaa. Ningeshuka mwenyewe ila mgongo umenikamata, na bati la jikoni limeng'oka.

Mvua ilikuwa kubwa, dada. Redio inasema katika siku moja ilinyesha ya miezi miwili. Ardhi ilikuwa ngumu baada ya ukame wote ule, haikunywa. Hakuna mtu wa kulaumiwa kwa jambo kama hilo. Huku juu watu wanasema Mtakatifu Isidro tulimwomba mvua kwenye maandamano ya mwezi wa tano, naye ametupa, basi tusimfokee kwa kipimo.

Korongoni sijaenda. Njia ina utelezi.

Usinyanyue vitu vizito.

Heriberto

*

Mtaa wa Toneleros, 20 Juni

Heriberto,

Mablanketi nimeyapokea. Ushauri wako kuhusu vitu vizito nimempa Bwana Ubaldo, tumeucheka pamoja tukiwa tumebeba kabati.

Jana alikuja kijana wa ofisi ya mji, viatu vyake safi, ana kopo la rangi. Amepiga msalaba mwekundu kwenye kila mlango wa Toneleros. Milango thelathini na moja. Mimi sina mlango, akapiga ukutani. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema mtaa wetu uko kwenye njia ya asili ya maji, na kwa usalama wetu tutahamishwa wote, tupelekwe kwenye vyumba vipya vya serikali, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka hapa. Nikamwambia nimekaa kwenye hiyo njia ya asili miaka sitini na sita, na baba yangu kabla yangu, na mfereji uliojengwa chini ya barabara ulikuwa unameza kila dhoruba tuliyoipata kabla ya ukame. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani aliandika kwamba mimi ni mzee.

Mtaa umegawanyika. Bwana Ubaldo anasema ofisi ya mji haijafagia mfereji kwa miaka kumi. Mjane wa namba kumi na nne, yule wa kanisa la wainjili, anasema ni adhabu kwa sababu mliomba mvua kwa sanamu. Wenye watoto wadogo wako tayari kwenda hata kesho, wameogopa, na siwalaumu. Mimi nasema ni takataka zenu. Kila mtu ana mkosaji wake na sote tunashika koleo moja.

Sasa nisikilize vizuri. Tarehe 5 Julai kuna kikao. Yule kijana amesema jambo moja la maana, tena akiwa amekwisha kunipa mgongo: amri itabadilika tu kama itathibitishwa kwamba korongo lilizibwa na kitu kinachoweza kuondolewa. Anahitajika mtu wa juu, mwenye kuijua kazi, aandike na kutia sahihi kuwa ameona nini na wapi. Sisi wa chini tukisema, tunaambiwa tunatetea vibanda vyetu.

Huyo mtu ni wewe. Utelezi umekauka. Nenda.

Otilia

*

Kamati ya Wakazi na Sherehe za Mtakatifu Isidro
Kilima cha Tórtolas, 23 Juni

Kwa Bi Otilia Cárcamo,

Imetufikia habari, kupitia midomo isiyofungwa, kwamba Bibi unatafuta mkazi wa kilima hiki atie sahihi karatasi ya kutusingizia. Kamati imekaa na kwa kauli moja inakujulisha kwamba mtu huyo hayupo. Friji unalolitaja halina jina la mwenyewe.

Watu wa Toneleros mlikuwa mkitucheka tulipopita na mtakatifu, mmesimama milangoni mnakula mbegu za alizeti. Hatusemi zaidi.

Kama unataka kujua mbingu ziko upande wa nani, uliza kijumba cha Mtakatifu Isidro, ambacho ndugu yako mwenyewe alikijenga kwa mikono yake korongoni, pale kwenye kituo cha lifti. Nyumba zenu zimeanguka kuta. Kijumba hakikutikisika. Tope, matawi na magodoro vimejaa nyuma yake hadi begani mwa mtakatifu, na yeye amesimama vilevile, uso mkavu. Watu wanakuja kutoka vilima vingine kuushuhudia muujiza huo.

Tunakuombea.

Clorinda Barrientos wa Paredes
Mwenyekiti

*

Mtaa wa Toneleros, 24 Juni

Heriberto,

Soma barua ya Bi Clorinda, naiambatanisha. Soma mstari wa muujiza.

Hadi begani. Nyuma yake.

Nimezoa tope siku kumi na mbili, najua linavyokaa. Tope linajaa nyuma ya kitu kilicholizuia. Lile zege lako la kijumba limelala kutoka ukingo mmoja wa korongo hadi mwingine. Maji yalisimama nyuma yake, yakasimama, yakasimama, yakachimba ubavu wa korongo, kisha yakanijia yote pamoja nikiwa na mwiko. Halikuwa friji. Friji lilikuwa abiria tu.

Na wewe unajua. Ndiyo maana hujashuka. Mgongo wako hauna chochote, mgongo wako nimeubeba mimi ukiwa mtoto na naujua mfupa kwa mfupa.

Nani aliyekuroga? Mwashi mwenye miaka arobaini kazini, anajenga ukuta kwenye kitanda cha maji, halafu anasimama mbele yake anaomba mvua! Punda gani alichagua mahali pale? Nijibu hilo tu. Punda gani?

O.

*

Kilima cha Tórtolas, 27 Juni

Dada,

Ni kweli. Sikukuambia uongo wote, mgongo unauma, ila si sababu ya kutoshuka.

Nilikwenda korongoni asubuhi ya pili, kabla Bi Clorinda hajafika na mishumaa yake. Niliona mara moja. Mtu aliyejenga hahitaji kuelezwa. Chini ya zege niliacha bomba moja la unene wa mkono, na nilipokuwa naliweka nilijiambia hata hili ni anasa, kwa sababu kwa miaka kumi na moja wakati ule sikuwa nimeona pale hata unyevu. Watoto walicheza mpira mle. Korongo lilikuwa kavu hadi nikasahau kwamba ni mto. Baba hangesahau. Baba alikuwa akiliruka hata kiangazi, hakulikanyaga, na sisi tulimcheka.

Bomba liliziba na jani la kwanza.

Kila Nazario anaponiletea barua yako naisoma nikiwa nimesimama. Nimekuwa nikisikia kwamba mpo kwenye tope na mimi nimekaa juu na bati moja lililong'oka. Nilikuwa naogopa uso wako, Otilia. Nimekuogopa tangu nina miaka minne.

Lakini sahihi siwezi. Kijumba kile nilimjengea marehemu Rosalba, na jina lake liko kwenye zege. Niliandika kwa kidole likiwa bichi. Ofisi ya mji ikijua, italivunja kwa mashine, itamtupa mke wangu kwenye lori pamoja na magodoro. Na kilima chote kinasali pale. Nitamwangalia nani usoni?

Kuhusu punda unayemuuliza, ni mimi. Hakuna mwingine.

Nisamehe kama unaweza.
Heriberto

*

Mtaa wa Toneleros, 29 Juni

Heriberto,

Siwezi. Leo siwezi, jaribu wiki nyingine.

Rosalba nilimwosha kwa mikono hii, usinifundishe kumlilia. Rosalba yuko makaburini, ana maua yake na jiwe lake. Lile ni zege. Chini yake kuna nyumba thelathini na moja za watu wanaopumua. Kama ungemuuliza yeye, angeshapanda na nyundo siku ya kwanza, na wewe angekupiga nayo kidogo.

Unaogopa utamwangalia nani usoni. Mimi nitamwangalia nani, saa mbili kwa basi kutoka hapa? Huko hakuna anayejua mimi ni binti wa nani. Bwana Ubaldo ameanza kufunga mikebe yake ya mikate kwa kamba. Mwanamume yule ananiuzia mkate tangu nina meno ya maziwa, na jana alikaa juu ya gunia akalia mbele yangu, nikajifanya natafuta kitu.

Redio inasema dhoruba nyingine inakuja, Jumamosi au Jumapili, tarehe 6 au 7. Zege bado liko pale. Kwa hiyo si suala la kikao tu. Kama hutaki kuandika, basi shuka Jumamosi ukae nami juu ya meza, tuyasubiri pamoja maji ya mtakatifu wako.

Na kama hutaandika wala hutashuka, usiniite dada. Niite Bi Cárcamo kama Clorinda.

Otilia

*

Kilima cha Tórtolas, 4 Julai

Otilia,

Nazario anakuletea karatasi mbili. Moja peleka kesho kikaoni. Nyingine ni hii.

Karatasi ya kikao inasema hivi, uione usije ukaniambia nimelainisha maneno: "Mimi Heriberto Cárcamo Oyarzo, mwashi, nathibitisha kwamba maji ya tarehe 12 Juni yalizuiwa na zege nililolijenga mimi miaka miwili iliyopita, kutoka ukingo hadi ukingo wa korongo, kwenye kituo cha lifti. Nililiwekea bomba dogo lisilofaa. Mahali nilipachagua mwenyewe, bila kushauriwa na mtu yeyote. Mtaa wa Toneleros hauna kosa. Zege hilo nimelivunja." Chini kuna sahihi.

Nimelivunja kweli. Jumanne nilimtoa mtakatifu, nikamfunga blanketi, yuko jikoni kwangu karibu na jiko la kuni, anakauka. Halafu nikaanza kuzoa tope nyuma, kisha nyundo. Bi Clorinda alikuja na kiti chake, akakiweka juu ya zege, akakaa. Alikaa kwa muda wa saa tatu. Nilivunja kumzunguka. Aliniita Yuda, aliniita mwana wa shetani, aliniita mtu wa Toneleros. Wengine walisimama ukingoni wakiangalia, na mmoja alinirushia kopo. Alasiri alikuja mpwa wake akashika koleo, na Bi Clorinda akanyanyuka kwenye kiti akaenda zake. Jumatano walikuja watu tisa kusaidia. Wengine wote wanafunga madirisha nikipita, na fundi bati amesema bati langu nijipandie mwenyewe.

Kipande chenye jina nilikikata pembeni. Kimevunjika mara mbili. Nina ROS na nina LBA. Herufi A ya katikati imekuwa vumbi.

Korongo liko wazi, nimelifagia hadi mwamba. Sasa na inyeshe.

Heriberto

*

Mtaa wa Toneleros, 8 Julai

Mdogo wangu,

Imenyesha. Umeona mwenyewe. Jumapili mchana mtaa mzima tulikuwa madirishani, viatu mkononi, hakuna aliyekaanga kitu. Maji ya barabarani yakafika kifundo cha mguu. Tukangoja. Yakabaki kifundo cha mguu. Chini ya barabara mfereji ulikuwa unanguruma kama zamani, ule mngurumo uliokuwa unatulaza tukiwa wadogo, nilikuwa nimeusahau kabisa. Saa kumi na moja Bwana Ubaldo akafungua kamba za mikebe yake. Akawasha tanuri.

Leo kijana wa kopo amerudi, kupaka chokaa juu ya misalaba. Amri imefutwa. Watafagia na mfereji, wamesema, na hilo nitaliamini nikiona fagio. Mimi bado sina mlango lakini nina ukuta mweupe.

Sasa nikuambie habari ya kikao, kwa sababu Nazario hajui yote.

Chumba kilijaa. Karani alisoma karatasi yako kwa sauti. Nilikuwa nimekaa mbele, kifua mbele, najiona mshindi. Alipofika pale, "bila kushauriwa na mtu yeyote", nikashusha kifua.

Nilikumbuka, Heriberto. Siku ya arobaini ya Rosalba, jikoni kwangu. Ulikuwa na mchoro kwenye karatasi ya mkate. Kijumba ulikichora juu kabisa, karibu na tangi la maji, penye upepo na mandhari ya bahari aliyoipenda. Na mimi nilikuambia nini? Nilikuambia, "Kutoka lifti hadi tangini ni ngazi mia moja na sitini, nami kwa magoti haya nitamfikiaje wifi yangu? Jenga pale kituoni, korongoni. Nani amewahi kuona maji mle?" Ukasema korongo ni korongo. Nikakuambia usiwe mbishi. Ukageuza karatasi ukachora upya.

Nimekuuliza punda gani, na ulijua jina lake, na hukuliandika. Barua zote zile za matusi ulizisoma umesimama, na neno moja tu lingeninyamazisha.

Nimekasirika sana. Nimekukasirikia kwa sababu umenifanya niwe mwenye haki mbele ya mtaa mzima kwa siku ishirini. Ungenipa sehemu yangu mapema ningekuwa nimetukana kidogo.

Basi nikasimama. Nikamwambia karani hapo aongeze. Akauliza niongeze nini, Bibi? Nikasema, "Andika: mahali palichaguliwa na Otilia Cárcamo, mshonaji, kwa sababu ya magoti yake." Akasema haibadilishi uamuzi. Nikamwambia hiyo ni juu yake, yeye aandike tu, na sikukaa mpaka alipoandika, nikatia sahihi chini ya yako. Bwana Ubaldo aliniangalia muda mrefu. Mjane wa namba kumi na nne hanisalimu tena, na mwanamke mmoja mwenye watoto ameniambia neno ambalo nilistahili. Mkate Bwana Ubaldo ameniuzia, lakini hajanichagulia uliookwa vizuri kama zamani. Nitangoja.

Mtakatifu mwache hapo jikoni, apate joto. Mchanga na saruji panda navyo juu, karibu na tangi, pale ulipochora mwanzo. Hiyo A usijaribu kuiunganisha, tutaiandika upya kwa kidole.

Jumapili nakuja. Najua lifti haifanyi kazi, usiniandikie kwamba lifti haifanyi kazi. Nazario amehesabu, kutoka mlangoni kwangu hadi tangini ni ngazi mia tatu na tisa. Nitaanza asubuhi. Niwekee kiti kila penye mlango wa mtu atakayekubali kutoa kiti, hata Clorinda, hasa Clorinda, anacho kizuri.

Nabeba boga. Wewe tafuta mafuta.

Dada yako,
Otilia